Haya ya Siku Tatu

Kwa Kikuyu neno lenyewe ni thoni. Nimelitafutia Kiswahili mara nyingi, nikaandika soni, nikafuta, nikarudi kwenye haya. Lakini haya ya vitabuni ni ya msichana anayeinamisha uso na kuchora ardhi kwa kidole cha mguu. Ile niliyoijua mimi ilijaa chumba kizima, na sisi watatu tulikuwa ndani yake.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni walipopigana na wapiganaji wetu wa msituni. Tulitolewa mashambani, nyumba zikachomwa, tukapangwa mistari mistari katika kijiji kipya upande wa Gitothua, kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Nyanya yangu mzaa mama, aliyehamishwa kutoka Kalimoni, aliletwa kwetu. Kibanda kilikuwa cha chumba kimoja.

Zamani, baba akimwona mama mkwe wake njiani, alijitoma kwenye mibuni mpaka mama mkwe apite. Wala hakuna aliyekula mbele ya macho ya mwenzake. Hiyo ndiyo thoni, heshima inayohitaji nafasi, na sasa nafasi yetu yote ilikuwa hatua sita kwa tano.

Walipata njia hata hivyo. Baba alitoka alfajiri kwenda kwenye kinu cha kahawa, Ruiru, na Nyanya akala wakati huo. Jioni baba alikula kizingitini, ametugeuzia mgongo.

Kisha mama alipokuwa hospitalini Thika na mtoto mchanga, mtu wa msituni alivuka handaki usiku, na kijiji kikafungwa. Homugadi, mlinzi mwenyeji wa serikali, alipita akipiga debe: kwa siku tatu, atakayetoka nje ya mlango wake atapigwa risasi.

Siku ya kwanza baba aligeukia ukuta. Nikampa Nyanya kiazi.

"Mwambie baba yako kisogo nacho kina masikio," Nyanya alisema.

"Mwambie nyanya yako nimeyaziba," alijibu baba, ambaye alikuwa amesikia vizuri kabisa.

Jirani alicheka upande wa pili wa ukuta wa udongo. "Mama mkwe wangu mimi angeshamaliza viazi, na mimi juu!"

Nyanya mwenyewe alitabasamu. Lakini kiazi kilibaki mkononi, na usiku hakukigusa, maana angesikika akitafuna.

Siku ya pili midomo yake ilipasuka. Maji pia aliyakataa. Nilikaa kati yao nikibeba maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia, na hewa ilizidi kupungua. Ingetosha baba atoke dakika chache tu. Lakini viatu vya homugadi vilikuwa vikipita, vikirudi.

Asubuhi ya tatu Nyanya alishindwa kuketi. Baba aliuambia ukuta, "Akifia humu, mama yako nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa nimekaa hapa?"

Akalivuta gunia la kahawa nililolalia, akalivaa kichwani mpaka mabegani.

"Mwambie sasa sioni hata kidogo. Ale."

Hakuna mtu wa miaka ile asiyemjua mtu wa gunia. Wasaliti waliletwa kwenye viwanja wamefunikwa hivyo, na matundu mawili ya macho. Watu wakapitishwa mbele yao mmoja mmoja. Gunia likitikisika, ulichukuliwa. Kwa mjomba wangu, mwana wa pekee wa Nyanya, lilitikisika. Hakurudi.

Baba aligeuza kichwa kidogo kutafuta hewa, na Nyanya akaliona gunia likisogea. Sauti aliyoitoa sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Baba akakauka pale pale. Aliyajua yote hayo, na katika hofu yake ya kumpoteza mama mkwe wake alikuwa ameyasahau.

"Litoe," Nyanya alisema. Hakunipitishia mimi. "Litoe, mwanangu."

Akalitoa. Uso wake ulikuwa na vumbi la kahawa, na nadhani alitamani ardhi ipasuke immeze. Walitazamana. Nyanya alikitafuta kiazi kwa vidole juu ya mkeka, akakila pamoja na ganda, taratibu, machozi yakitiririka, bila kuyaondoa macho yake usoni pa baba, kama anayehakikisha kwamba ni yeye. Kilipobaki kipande, alimnyooshea.

"Nawe kula."

Baba akala.

Jioni milango ilifunguliwa, na kesho yake mama akarudi. Alimkuta Nyanya kwenye kona yake, baba ameutazama ukuta. Hakuna aliyemsimulia, na mimi gunia lile sikulilalia tena.

"Mwambie baba yako uji umeiva," alisema Nyanya.

Baba alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nikamwambia.