Kochi la Mtoto wa Zamani

Tusidanganyane: kutoka gerezani si kazi. Mlango anakufungulia mtu mwingine, wewe unatembea tu. Kazi ni kuamka kesho yake, na kesho kutwa, kwenye chumba cha uani kwa dada yako, mwili mzito kana kwamba ulibeba magunia usingizini. Fundi makochi alikuwa amechoka hivyo. Alichoka kuamka, alichoka kunawa uso, alichoka kuulizwa kila asubuhi, "Umelalaje?" kwa sauti ya mtu anayenusa mboga kuona kama imechacha.

Dada yake hakuwa na kosa. Kabla ya kufungwa, fundi aliuza pasi yake, televisheni yake, hata masufuria aliyozawadiwa siku ya harusi, vyote vikaishia kwenye unga wa kulevya. Vya dada vilipokwisha akavunja duka la watu, akadakwa akiwa bado ndani. Sasa maisha yake yalikuwa hivi: asubuhi kliniki, kunywa dawa ya kutuliza arosto, yale maumivu ya mwili unaodai unga wake, mchana karakana ya makochi, jioni kikao cha walioacha, kwenye chumba nyuma ya kliniki.

Kikao kiliongozwa na mshauri, mama wa makamo aliyewahi kutumia mwenyewe, kwa hiyo kumpiga chenga ilikuwa kupoteza muda. Hakuwauliza walikotoka. Aliwataka waeleze siku moja ya mbele, siku ya kawaida kabisa.

"Sitaki majumba wala magari," aliwaambia. "Nataka kujua chai unanywea kikombe gani, na nani amekaa karibu yako. Tamaa ikikushika, ingia humo ukae mpaka ipite."

Mwanzoni fundi aliona ni michezo ya watoto. Gerezani mambo ya mbele hayawazwi. Anayeyawaza analala analia. Lakini mshauri alikuwa king'ang'anizi, na taratibu picha ikaja. Sebule ndogo. Kochi la mtu mmoja, kitambaa cha kijani. Binti yake amejikunja humo anasoma, miguu haifiki sakafuni. Anainua uso na kusema, "Baba, sogeza taa." Basi, ni hiyo tu.

Na ilifanya kazi, jamani. Mara ngapi alikuwa katikati ya kuvuta kitambaa, tamaa ikamshika, akafumba macho akaenda kusogeza taa! Akifumbua, misumari imo palepale kwenye kopo na yeye yupo palepale kwenye benchi.

Ndipo akaamua kulitengeneza lile kochi kwelikweli, kwa vipande vya sponji vilivyobaki na mbao za makreti. Sasa, karakana ile ilikuwa na sheria moja: sponji haikatwi kabla mwenye kochi hajakaa. Mteja anakalishwa kwenye benchi, anapimwa goti hadi kisigino, mgongo hadi goti, hata kama ni bosi mwenye haraka zake. Fundi mwenyewe aliwahi kugombana na mwenzake aliyekisia. Lakini kochi la bintiye hakulipimia mtu. Alipime kwa nani, wakati yule mtoto alimjua kama anavyokijua kiganja chake? Mzee mwenye karakana aliiangalia ile fremu ndogo, akafungua mdomo, kisha akaamua kunywa chai yake.

Binti alikuwa akilelewa na bibi mzaa mama, aliyekwisha kuapa kwamba mjukuu wake hatamwona teja. Dada alimbembeleza kwenye simu mpaka akaishiwa maneno. Hatimaye bibi akalegea, na Jumamosi moja mchana dada akamleta mtoto karakana.

Fundi aliona msichana mrefu mlangoni, mkoba begani. Akachungulia nyuma yake kumtafuta mtoto.

"Ndiye huyu," dada alisema polepole.

"Shikamoo," alisema msichana.

"Marahaba."

Alikuwa amekwisha kulivua kochi shuka, hakuwa na la kufanya. Msichana akakaa kwa adabu. Magoti yakampanda hadi kifuani, viwiko vikakosa pa kwenda. Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka.

"Ni zuri," alisema. "Jirani ana mtoto, nitampelekea."

"Kijani ulikuwa unakipenda."

"Mimi?" Alifikiri kweli, kwa huruma. "Sikumbuki."

Hawakukaa. Kulikuwa na masomo ya ziada. Msichana alipoaga, fundi akamwuliza kama atakuja tena. "Jumamosi ijayo nina mtihani," alisema. "Ile nyingine sijui."

Tamaa ilimvaa kabla hawajafika mwisho wa barabara. Alifumba macho, akaingia sebuleni kwake. Kochi lilikuwepo, taa ilikuwepo, na ndani ya kochi hakuna mtu. Yule aliyekuwa akimwita baba hakuwepo popote duniani. Alikua, akaondoka, yeye akiwa kifungoni. Mjinga sana huyu fundi! Alidhani anatazama mbele, kumbe shingo ilikuwa imegeukia nyuma muda wote. Iliuma. Aliketi kwenye marobota ya sponji, akalia bila kujificha, na mzee akaenda kufagia upande wa pili.

Saa ya kikao alitoka. Njiani, penye ukuta wa kinyozi, alikuwapo rafiki wa siku za unga, bado hai, bado mcheshi.

"Fundi! Mbona umekongoroka hivyo?"

"Nimechoka."

"Si ndiyo uje upumzike?"

Na hapo ndipo pabaya. Angemtukana, angemtisha, ingekuwa rahisi. Lakini kupumzika! Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemkaribisha kupumzika tangu atoke. Alisimama pale muda mrefu, mate yanamjaa, akitafuta ndani yake kitu cha kushika, asione.

"Nina kikao," alisema mwishowe.

"Cha nini?"

"Cha kuongea ujinga."

Akaenda. Tusimsifu bure, miguu tu ilikuwa imezoea njia.

Mshauri alimwona alivyoingia, akaanza na yeye. "Tueleze siku yako."

"Sina. Imeharibika."

"Ieleze hivyo hivyo ilivyo."

 Fundi akafumba macho, akashika ukingo wa kiti.

"Kuna msichana," alisema. "Mrefu. Simjui. Amesimama, maana sina kiti kinachomfaa."

"Na wewe?"

"Namwogopa." Alipangusa pua kwa kiganja. "Namwuliza siku hizi anapenda nini."

"Anasemaje?"

Fundi akakaza macho, akasikiliza. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na mwili mzima ulikuwa bado kule ukutani kwa kinyozi.

"Hajajibu," alisema. "Niacheni kidogo. Namsubiri."