Haruka na Sakafu ya Achieng

Siku yangu ya kwanza kazini Doha, mudira, ndivyo tulivyomwita mama aliyekuwa mkuu wa bweni, alinikabidhi funguo akasema, "Bibi Zuhura, wasichana hawa ni wageni. Mgeni hagusi ufagio." Nilitoka Tanga nikijua kumlea mtoto ni pamoja na kumtuma. Kumbe huku mlezi wa bweni hamtumi mtu! Nilishangaa.

Bweni letu lilikuwa la wanafunzi wa kubadilishana. Maana yake, chuo chetu kinampeleka msichana wake katika chuo kingine cha Asia kwa muhula mzima, nacho kinatuletea wake, na masomo anayofaulu ugenini yanahesabiwa nyumbani. Safari hiyo tulimpeleka Japani Maryam, Mwomani aliyezoea kuacha sahani chafu koridoni. Badala yake akaja Haruka.

Asubuhi moja nikasikia miguu inakimbia. Kuchungulia, namwona Haruka ameinama, viganja juu ya kitambaa kibichi, anakisukuma sakafuni mbio kutoka ukuta hadi ukuta. Achieng wa Kisumu, mfanyakazi wetu wa usafi, alikuwa pembeni ameshika kichwa.

"Mama Zuhura, mwambie aache! Mudira akimwona, mimi nimeisha. Watoto wangu wanasoma na hii job."

Kabla sijajibu, mudira akatokea ngazini.

"Mwanafunzi anasugua sakafu, na anayelipwa amesimama? Achieng, funga mizigo yako."

Haruka akainama hadi nywele zikamfunika uso. "Hakunituma. Kwetu wanafunzi husafisha shule wenyewe, tangu wadogo."

Maskini, alidhani anamtetea mwenzake! Mudira alimtazama Achieng kutoka juu hadi chini. "Kumbe inawezekana. Basi tunawaweka hawa wa nini?"

Sijui ulimi niliupata wapi.

"Mudira, Haruka muhula ukiisha anaondoka. Wakirudi wale wa kuacha sahani, nani atasugua? Mimi na magoti yangu haya?"

Mudira akahema. "Achieng abaki. Lakini siku nitakapomwona mwanafunzi mwingine na kitambaa, Achieng anapanda ndege."

Haruka alilia chumbani siku nzima. Hakugusa kitambaa tena.

Muhula uliofuata Maryam akarudi. Nilimkuta koridoni amekunja mikono ya abaya yake, ameinama, anasukuma kitambaa mbio. Maryam, jamani! Yule yule wa sahani! Nilidhani macho yananidanganya.

"Bibi, tazama nilichojifunza!" alisema, uso wote furaha.

Nyuma yake Achieng ameganda na ndoo yake, na chini nasikia viatu vya mudira vinapanda ngazi. Nilimnyang'anya Maryam kitambaa, nikamsukumia chumbani, nikafunga mlango.

Sasa nimestaafu, niko Tanga, nafagia uwanja wangu na hakuna wa kunikataza. Ninyi vijana mtakaokwenda kulea wanafunzi huko mtaniuliza kama sikumwonea yule binti. Nilimwonea. Tuliwapeleka mbali wakajifunze, na aliyejifunza kweli nikamfungia mlango. Mpaka leo nikiukumbuka uso wake nashtuka.

Lakini juzi Achieng alinipigia simu kutoka Doha, bado yuko kazini, anapiga kelele mpaka simu inakwaruza. Kifungua mimba wake ameingia chuo kikuu.