Mzee Araya na Adabu ya Majini

Kama yupo mtu aliyekuja duniani akasahau kuchukua sauti yake, basi ni Araya Tokuji. Aliendesha treni ya kusukuma theluji kwenye reli ya milimani mpaka akastaafu, na hakuna mfanyakazi mwenzake aliyewahi kumsikia akiita mtu. Si kwamba hakuwa na la kusema. Aliogopa kusumbua watu. Akienda dukani akamkuta muuzaji anaongea na simu, alisubiri, na simu isipokwisha alirudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe, Mitsue, ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile.

Kila majira ya baridi walipanda pamoja hadi nyumba ya wageni yenye chemchemi ya maji ya moto, wakaoga nje, theluji ikiwaangukia vichwani. Yeye upande wa wanaume, mkewe upande wa wanawake, na ukuta wa mbao katikati. Muda ukitosha, Mitsue alipaza sauti: "Baba eee, toka sasa, utaiva!" Naye alijibu kwa kugonga ukuta kwa ndoo ya kuogea. Ko! Basi, akatoka.

Mitsue alifariki mwaka jana, theluji ilipoanza kuyeyuka.

Safari hii mzee alikuja peke yake, na makosa aliyafanya yote. Jamani, mtu wa huku huku, aliyekulia kwenye maji haya! Mchana alikula figili zilizokaushwa kwa moshi akazishushia sake, ile pombe ya mchele, tena si kidogo. Alipofika kando ya bwawa baridi ilimng'ata, kwa hiyo hakujimwagia maji miguuni na mabegani kwanza, kama anavyofundishwa hata mtoto wa chekechea. Alijitumbukiza tu. Kisha akakaa, akakaa mno, kwa kuwa hakuna aliyemwambia atoke.

Aliposhtuka, moyo ulikuwa unamdunda hadi masikioni. Akasimama ghafla, kosa jingine hilo. Giza likamjaa machoni, akarudi majini chubwi. Akajaribu kujivuta ukingoni, lakini mawe yalikuwa yameganda barafu na vidole vikateleza. Upepo wa mlimani ukamchapa mgongo ulioiva, naye akazama tena hadi shingoni. Mlango wa chumba cha kuvulia nguo aliuona pale pale, na hakuwa na miguu ya kumfikisha. Akiinuka, ataanguka kwenye mawe. Akibaki, atazimia na kuzama. Kidevu kilishaanza kugusa maji.

"Nakufa," aliwaza. Na unajua alichohisi kwanza? Aibu. Watamkuta uchi.

Nyuma ya ukuta vicheko vilikuwa vinarindima. Alizijua zile sauti, maana asubuhi aliwasikia wakiitana majina kwenye chumba cha chakula: Bi Yae, Bi Kinu na Bi Fusa, wanawake wa ushirika wa figili, waliokuja kupumzisha migongo baada ya msimu wa mavuno.

"Fusa we, ukiendelea kukaa humo tutakuuza kama supu!"

"Supu gani, mifupa mitupu hii? Jiuze wewe mwenye nyama!"

Neno moja tu, mzee, sema neno moja! Alifungua mdomo, akaufunga. Amwite nani? Wanawake asio na mazoea nao, naye yuko hivyo alivyo? Akapapasa, akaipata ndoo, akagonga ukuta. Ko!

Kicheko kikakatika.

"Shh! Kuna mtu upande wa wanaume," alisema Bi Kinu.

"Maskini, tunamkera. Samahani sana, kaka!" Bi Yae aliita. "Tunanyamaza!"

Wakanyamaza kweli. Ikabaki sauti ya maji na upepo, na mzee akahisi kama kifuniko kimeshushwa juu yake. Akagonga tena, mara mbili.

"Kumbe bado hajaridhika," Bi Kinu alinong'ona. "Twendeni zetu ndani, apumzike."

Akasikia maji yakimwagika kutoka miilini mwao. Wanainuka. Wanaondoka, tena kwa heshima zote! Hapo hofu ikaishinda aibu, na kitu kikapasuka kifuani mwa Araya Tokuji.

"Njooni! Nakufa huku! Nisaidieni!"

Sauti ilitoka mbaya, ya jogoo anayejifunza kuwika, lakini ilitoka.

Bi Yae aliingia upande wa wanaume na taulo moja tu mwilini, bila hodi, wenzake nyuma yake. "Fumba macho ukiona haya," alimwambia, "mimi nimezika waume wawili, hakuna jipya hapo." Bi Fusa akamshika kidevu. Bi Kinu akachota theluji amsugue nayo, Bi Yae akampiga kofi mkononi.

"Acha! Unataka moyo usimame? Polepole. Kaka, usisimame. Kaa kwanza ukingoni. Inamisha kichwa. Haya, pumua."

Wakamfunika, wakamburuta hadi ndani, wakamlaza sakafuni na kumwinulia miguu juu ya kikapu cha nguo. Wakamnywesha maji kidogo kidogo. Mwenye nyumba ya wageni, aliyesikia kelele, alikuwa ameshampigia simu daktari.

"Mbona hukuita mapema?" Bi Fusa aliuliza.

"Sikutaka kuwasumbua."

Bi Yae akapandwa na hasira, hasira ya kweli. "Ala! Na maiti yako isingetusumbua? Sisi tunanyamaza kwa adabu, wewe unakufa kwa adabu! Balaa gani hii?"

Hakuna aliyecheka.

"Umekuja na nani, kaka?" Bi Fusa aliuliza taratibu.

"Peke yangu. Mke wangu amefariki." Maneno hayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Watu waliyajua tu, wakamwinamia kichwa, naye akawainamia. Sasa yalikuwa yametoka, na machozi yakayafuata, yakamwingia masikioni pale alipolala.

Bi Yae alimpangusa kwa ncha ya taulo lake. Kisha akajikusanya. "Haya, umepona. Daktari yuko njiani. Acha tukavae nguo, tumeshakuwa barafu."

Wakainuka wote watatu. Mzee Araya akanyoosha mkono, akashika pindo la taulo la Bi Yae, mbele ya watu, akakataa kuliachia.

"Abaki mmoja," alisema. "Naogopa kukaa peke yangu."