Jibu Nililotoa Mbele ya Mzee wa Kanisa

Kwenye benchi nje ya ofisi ya chama chetu cha wakulima wa kahawa, Kamuli, tulibaki wawili tukisubiri usaili: mimi na dada mmoja aliyekuja na bodaboda kutoka Kihanga. Viatu vyake alikuwa amevibeba kwenye mfuko visishike vumbi, na sasa alikuwa anavivaa.

"Lile swali la miaka mitano umeliandaa?" akaniuliza. "Wataliuliza tu. Unajiona wapi."

"Nimeliandaa."

Nilikuwa nimeliandaa wiki nzima, nikijisemea peke yangu huku napalilia. Kazi iliyotangazwa ilikuwa ya kusimamia ghala na ubora wa kahawa. Ningesema kwamba nitaifanya kwa moyo mpaka nipate nafasi ya chuo, kisha niende Morogoro kusomea magonjwa ya mimea, kwa sababu mnyauko ulikuwa umeshamaliza nusu ya migomba yetu, na mimi mwenye stashahada ya kilimo sikuwa na la kumwambia baba zaidi ya kata, fukia. Maombi ya chuo nilikuwa nimeshayatuma kwa simu. Nyumbani hakuna aliyejua.

Yule dada akatangulia kuingia. Alipotoka alikuwa anacheka.

"Nimewaambia ukweli, kwamba siku moja nataka kuwa meneja. Kuna mzee mmoja mle amenikunjia uso!"

Nilipoingia nikamwona huyo mzee. Mezani walikaa watatu: meneja, mama wa makamo mwenyeji wa Bukoba; katibu wa chama; na pembeni, jirani yetu, mzee wa kanisa letu, aliyesimama kama baba yangu wa ubatizo. Nilijua ni mjumbe wa bodi. Sikujua kwamba siku hiyo angekaa kwenye usaili.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia yeye peke yake kwa sauti.

Maswali ya kahawa yalikwenda vizuri. Unyevu, magunia, namna ya kutambua kahawa ya maganda iliyoanikwa chini kwenye udongo. Ndipo meneja akavua miwani.

"Na wewe mwenyewe? Baada ya miaka mitano tukutafute wapi?"

Nikafungua mdomo, na macho yangu yakaenda kwa mzee. Alikuwa ananitazama kwa upole, kama anavyonitazama akija kula kwetu Krismasi. Nikajua lolote nitakalosema litafika kwa baba kabla yangu. Mimi ni kitindamimba. Kaka zangu wako Mwanza na Geita, dada zangu wameolewa. Tangu nikiwa darasa la tano baba husema mbele ya wageni kwamba kibanja, shamba letu la migomba na mibuni, ni changu, na mimi sijawahi kuitikia wala kukataa. Nilikuwa nanyamaza tu, nikidhani kunyamaza si jibu.

"Nitakuwa hapa hapa," nikasema.

"Hapa ofisini?"

"Hapa Kamuli, mama. Kwenye chama, na kwenye kibanja chetu. Sina mpango wa kuondoka."

Mzee akapiga meza kwa kiganja. "Huyu ni mtoto wa nyumbani!"

Meneja alivaa miwani yake akaandika. Hakuniuliza tena.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amesimama nje ananisubiri, ingawa magoti yanamsumbua. Mzee alikuwa ameshampigia simu. Baba akanishika mkono, jambo ambalo hafanyi, akanipeleka nyuma ya mibuni, mahali ambapo alikuwa ameshachomeka vijiti vinne.

"Hapa utajenga," akasema. "Nilikuwa naogopa kukuuliza. Nikisikia watu wanasema vijana wa siku hizi, nanyamaza. Leo nimemwambia mama yako, hata nikifa sasa nitakufa vizuri."

Ningefanya nini? Nikasema, "Asante, baba."

Kazi nikapata. Mwezi wa tatu nikiwa ghalani, ujumbe wa chuo ukaingia kwenye simu: nimechaguliwa, nithibitishe ndani ya siku chache. Kila jioni nilirudi nimeamua kusema. Siku moja nilianza kabisa.

"Baba, nilikuwa nafikiria habari ya kusoma."

"Kusoma nini tena, wakati kazi unayo?" akacheka, si kwa ubaya. "Kesho fundi anakuja kupima msingi. Mwambie unataka vyumba vingapi."

Nikasema vitatu. Siku za kuthibitisha zikapita nikiwa napima unyevu wa kahawa za watu. Nilipoufungua ule ujumbe tena, nafasi ilikuwa imefungwa.

Sikumwambia mtu mwaka mzima. Aliyenitoa maneno ni mama, tukimenya ndizi jikoni. Aliniuliza kwa nini siku hizi sili. Nikamweleza yote: Morogoro, usaili, mzee, ujumbe. Nilitegemea atalia au atanikemea. Akaendelea kumenya.

"Mimi nilitaka kuwa nesi," akasema. "Kule kwetu Muleba sista mmoja alikuwa ameshanitafutia nafasi. Halafu wakaja kunichumbia."

"Hukuwaambia?"

"Nani aliniuliza? Wewe uliulizwa, mwanangu. Watu watatu wamekaa mezani wanakuuliza unataka nini, na ukawaficha."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenipiga. Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba nitume maombi tena, na kwamba baba nimwachie yeye.

Alimwambia Jumapili, baada ya ibada. Mimi nilikuwa uani nikamwona baba akitoka na fimbo yake kwenda kwa jirani, yule mzee wa kanisa. Tangu siku hiyo tunasalimiana, tunakula pamoja, anaulizia kazi. La chuo hajalitaja. Namwamkia asubuhi nikingoja aseme lolote, hata matusi, na yeye ananiuliza kama nimelala salama.

Maombi nimeyajaza, sijayatuma. Jana baba aliagiza bati za nyumba yangu.