Chumba cha Nyuma ya Pazia

Saidati alikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Kimoja alipewa na serikali, kingine alijipa mwenyewe.

Cha serikali kilikuwa na kuta nne, mlango, dirisha la mbao, na mabati ambayo mvua ya Gisenyi ilipoyapiga, mtu aliyekaa karibu nawe ulimwona anafungua mdomo tu. Cha pili kilikuwa nyuma ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa kitambaa cha buluu chenye ndege weupe, ambacho mumewe Dauda, dereva wa lori la idara ya barabara, alimletea kutoka safari ya Bukavu. Mwanamke mwingine angeshona nguo, akatoka nayo Idi, watu wakaumwa roho. Saidati alikitundika kwenye ukuta wa nyuma, kuanzia juu mpaka sakafuni, akarudi nyuma kidogo, akakitazama kama mtu anavyotazama mlango.

Nyuma ya pazia kulikuwa na ukuta. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mchanga mweusi wa volkeno, migomba michache, na kuku wa jirani. Lakini mchana, watoto wakiwa nje na yeye amejilaza kwenye mkeka, upepo wa ziwa uliingia kwa mlango wa mbele, ukapita chini ya meza, ukalijaza pazia. Likavimba, likapungua, likavimba tena, kana kwamba upande wa pili amelala mtu, anapumua. Hapo Saidati aliingia. Hakuinuka mkekani, lakini aliingia. Ndani mlikuwa na kitanda cha wasichana, sanduku la bati, na dirisha linalotazama ziwa. Ziwa kwa kweli liko upande mwingine kabisa, ila ndoto haijasoma jiografia. Binti yake mkubwa, Zaina, alikuwa amekaa kitandani anamsuka mdogo wake, na maji ya ziwa yalikuwa yanacheza kwenye dari kama samaki wa mwanga. Kisha mtoto mmoja alilia nje, na chumba kikarudi kuwa ukuta.

Kambi ile ya wafanyakazi ilijengwa na serikali ya Wabelgiji, na ikajengwa kwa hesabu ya mume mmoja, mke mmoja, na mtoto wa mgongoni. Aliyepiga hesabu hiyo hakuwahi kuishi na watu. Watoto walizaliwa, nyumba hazikuzaa. Zile za vyumba viwili zilikuwa chache kama meno ya mtoto aliyeanza kutambaa, na kila moja ikiachwa wazi, kambi nzima ilijikuta ina shughuli ya ghafla ya kupita mbele yake.

Watoto wa Saidati walikuwa wanatawanyika kila jua likizama. Abdu, kijana wake, alilala jikoni kwa jirani Xavérine, mwanamke wa Rubona aliyeuza samaki. Asubuhi alirudi ananuka moshi na magamba mpaka paka wakamsindikiza. Wadogo walipangwa mkekani kama ndizi kwenye chana. Na Zaina, kwa kuwa alishavunja ungo na si heshima msichana mkubwa kulala chumba kimoja na baba yake, alipelekwa kulala Goma, ng'ambo ya barrière, kizuizi cha mpakani, kwa dada yake Dauda, Mariamu. Alirudi Ijumaa kwa Ijumaa, na usiku huo Dauda alilala ndani ya lori.

Mwanzoni alirudi analia. Halafu akarudi halii. Halafu akarudi na nywele zimesukwa kwa mtindo mpya na gauni ambalo mume wa Mariamu, fundi cherehani, amemshonea. Mariamu hakuwa na mtoto, na mkono wake ulikuwa laini mno kwa huyu wa kuazima. Ijumaa moja Zaina alionja mchuzi wa mama yake, akasema kwa upole tu, bila ubaya:

"Mama, kwetu tunatia mawese."

Kwetu! Saidati alikoroga chungu kilichokuwa hakihitaji kukorogwa. Siku hiyo pazia lilivimba na kupungua bure. Alijilaza na chumba hakikufunguka. Alijua sasa anachokitafuta si nafasi ya miguu. Asipopata chumba cha pili, mtoto wake ataisha taratibu, kama sabuni kwenye maji, na hakuna mtu wa kumlaumu, maana hakuna aliyemwiba.

Ndipo muuguzi mmoja akahamishwa, na nyumba yake ya vyumba viwili, ile ya chini ya mparachichi, ikabaki wazi.

Mgawaji wa nyumba alikuwa Mbelgiji ambaye watu walimbatiza Bwana Mita, kwa sababu hakuweza kukaa karibu na kitu bila kukipima. Kiswahili chake kilikuwa cha amri: leta, peleka, haraka, kesho. Vingine vyote alisemewa na karani wake Sibomana, kijana mwenye viatu vinavyolia. Wakatangaza: Bwana atapita mwenyewe kwa wote walioomba, aone kwa macho nani amebanwa zaidi.

Xavérine alikuja mbio na kapu lake kichwani.

"Mama Abdu, sikia mi nakuambia. Usifagie! Acha mikeka chini, acha vyungu, acha batoto bote ndani. Na batoto bangu nakuletea. Hata kuku nakuletea. Bwana akifungua mulango, akose pa kuweka kiatu!"

"Mugeni aingie kwangu akute takataka?"

"Ule si mugeni, ule ni nyumba inatembea!"

"Mutu akibisha hodi ni mugeni," alisema Saidati, na akaenda kuchota maji.

Alisugua sakafu. Mikeka ya kulalia aliikunja akaificha kwa Xavérine huyohuyo, aliyekuwa anaipokea huku anatikisa kichwa. Watoto waliogeshwa, wakapakwa mafuta, wakafukuzwa mpaka ufukweni. Meza ikapata kitambaa, kitambaa kikapata chupa, chupa ikapata ua. Uvumba ukafukizwa. Chumba kikatulia, kikapanuka, kikawa kama msikiti mdogo siku isiyo ya sala. Saidati mwenyewe alisimama katikati akashangaa: hivi siku zote nafasi hii ilikuwa inajificha wapi?

Bwana Mita aliingia, akatazama, akanyoosha kidole kwenye pazia. Wakati huohuo, kama alitumwa, upepo ukaingia kwa mlango, ukalijaza lile pazia taratibu, ndege weupe wakainuka.

"Et là?" aliuliza, yaani, na huko?

Sibomana alikulia jirani na Waislamu wa mjini, na alijivunia kujua desturi zao. Alijua kwamba nyumba za Waswahili zina pazia, kwamba nyuma ya pazia ni kwa wanawake, na kwamba mwanaume wa nje halifunui, hata awe nani. Akajisogeza kwenye sikio la bwana wake, akamweleza kwa Kifaransa, na kwa sauti ya chini kabisa, kwamba huko ndani kuna chumba cha mabibi.

Bwana Mita alikuwa mtu wa adabu. Alivua kofia. Aliliinamia pazia kidogo, akanong'ona "pardon", akatoka kwa ncha za viatu.

Saidati hakujua Kifaransa. Aliona tu mzungu amekiinamia chumba chake, na moyo wake ukajaa kama lile pazia. Aliketi mkekani, akatabasamu peke yake mpaka watoto waliporudi na mchanga wote wa ziwa miguuni.

Baada ya siku chache nyumba ya chini ya mparachichi ilipewa familia nyingine, ya Twagirimana wa posta. Saidati alimsimamisha Sibomana njiani.

"Na sisi, mwanangu?"

"Nyinyi? Mama Abdu, nyinyi muko na vyumba viwili tayari. Bwana ameona mwenyewe."

Xavérine, aliyekuwa karibu, alicheka mpaka kapu likaanguka na samaki wakatapakaa barabarani. "Yebabawe! Muzungu amevulia ukuta kofia! Mi nauza samaki, we unauza upepo!"

Dauda naye jioni hakucheka. "Saidati, mutu anaomba nyumba mupya, anafagia ya zamani mpaka inashinda ile mupya?" Kisha akaongeza jambo lililokuwa baya zaidi, na alilisema akiwa anafungua viatu, bila kumtazama. "Mariamu ameniuliza. Anasema Zaina akae huko moja kwa moja. Asisumbuke na njia."

Asubuhi Saidati alisimama juu ya kiti, akalitundua pazia, akalikunja, akajitwika, akashika njia ya ofisini. Watu waliomwona walidhani anakwenda kufua.

Ofisini hakuketi. Aliliweka pazia mezani kwa Bwana Mita, juu ya kila kilichokuwepo, akalikunjua mpaka ndege wakateleza wakafika sakafuni.

"Bwana anauliza hii ni nini," alisema Sibomana, jasho likimtoka.

"Mwambie nimemuletea chumba changu cha pili."

Bwana Mita alilitazama pazia. Alikumbuka. Kwa mara ya kwanza alijitahidi kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Nyuma ya hii, iko nini?"

"Ukuta, Bwana."

"Nyuma ya ukuta?"

"Kuku ya Xavérine."

Sibomana alitazama viatu vyake, ambavyo mara hii vilikuwa havilii. Bwana Mita alikuwa mwekundu tangu kola mpaka masikio. Juzi tu alikuwa amemweleza mkubwa wake, mezani, mbele ya wageni na divai, kwamba nyumba zote za kambi amezikagua kwa macho yake. Sasa aende kusema nini? Kwamba amekiomba radhi kitambaa?

Alitoa mita mfukoni. Akalipima pazia, urefu na upana, polepole, kama anapima kitu cha thamani. Kisha akanyanyuka.

"Bon," alisema. "Mimi nilisema chumba iko. Donc, itakuwa iko."

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ya mparachichi haikurudi, lakini yalikuja matofali yaliyobaki kwenye ujenzi wa ghala, yakaja mabati yenye kutu pembeni, na Jumapili Dauda na wenzake wa lori walijenga pale kwenye mchanga mweusi, huku Xavérine akiwahamisha kuku wake na kudai fidia kwa kelele. Saidati alipika, lakini jicho lake lilikuwa kwenye ukuta wa nyuma. Walipoutoboa, vumbi lilisimama hewani bila kuanguka, na mwanga ukaingia nyumbani kutoka upande ambao mwanga haujawahi kutokea. Kuku mmoja alipitia pale penye tundu, akatembea chumba kizima, akatoka kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyemfukuza.

Dirisha halikuangalia ziwa. Liliangalia mlima wa moto wa Nyiragongo, ambao jua likishuka huwa unapaka mawingu wekundu, na wekundu huo ulikuja kucheza kwenye dari. Saidati aliutazama akaona kwamba ndoto ilikosea kidogo tu.

Ijumaa Zaina alikuja. Mama yake alikuwa amelirudisha pazia, na hakumwambia kitu. Msichana alizungukazunguka, akalifunua, akasimama.

"Nani analala humu?"

"Mutu mwenye nyumba yake," alisema Saidati, akaendelea kuchambua mchele.

Pazia lilishuka. Kisha ikasikika sauti ya sanduku la bati linafunguliwa, na sauti ya mdogo mtu analalamika kwamba anasukwa kwa nguvu.

Mariamu alifika Jumamosi mchana kumchukua, kama kawaida, amevaa kitenge kizuri na amebeba chupa ya mawese kama zawadi. Aliketi. Akaletewa chai. Akasema habari za Goma, za mume wake, za bei za uzi. Macho yake yalikwenda kwenye pazia, yakarudi, yakaenda tena. Alikuwa amekalia kiti kilekile kila wiki, akilijua lile pazia kuwa ni pazia la ukuta, na leo halikuwa linavimba kuelekea ukutani. Lilikuwa linavimba kuja kwao.

"Wifi," alisema mwishoni, sauti yake imepungua, "na Zaina? Haiko hapa?"

Saidati alimmiminia chai nyingine, akamwekea sukari ya kutosha mtu mwenye safari. Chupa ya mawese aliichukua kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka jikoni karibu na chungu.

"Yuko chumbani kwake," alisema.

Mariamu akanywa chai yake, kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Yeye naye alikuwa mtu wa desturi: mgeni hafunui pazia la chumba cha mwenyewe asipoitwa, na hilo lilikuwa limeshuka.