Kabla Baba Hajalitazama Gari Lake

Miaka yote ambayo macho ya baba yalikuwa yakifunikwa na ukungu, nilijipa kazi moja: gari lake lisipate mkwaruzo kabla hajapona. Hakuna aliyenituma. Ni gari dogo, la bluu iliyokolea, alilolinunua baada ya msimu mzuri wa kahawa. Alikuwa akisema kitu cha mwisho alichokiona vizuri ni mawingu ya Mbinga yakipita juu ya boneti yake.

Kuosha nilijifunza kwenye simu, peke yangu. Nilielewa kwamba kinachoharibu rangi ni chembe za vumbi zinazoburutwa na kitambaa. Basi nilikuwa namwaga maji kwanza mpaka tope lote lishuke. Halafu ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Nilianzia kwenye paa kushuka chini, kivulini, kwa mkono mwepesi. Kitambaa kikianguka chini, sikukigusisha tena kwenye gari siku hiyo. Jirani alikuwa akipita ananiuliza, "Leo unaliosha au unalibatiza?" Sikuweza kucheka. Naogopa vitu kuharibikia mikononi mwangu, na sijui nilianza lini.

Tukasikia madaktari wa macho wamefika Liuli, kwao baba, huko ziwani. Nikamwendesha. Ukiiacha Mbamba Bay ni vumbi tupu, na gari lilifika likiwa na rangi ya barabara. Sikuligusa. Kufuta vumbi kavu ni kuikwaruza rangi, nikasema nitaliosha asubuhi, taratibu, kwa maji mengi.

Baba alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, akalala hospitali na bandeji. Mimi nililala kwa dada zake, shangazi zangu wawili. Tukiwa tunakula ugali kwa usipa, vile vidagaa vya ziwani, nikasema, "Kesho anafunguliwa jicho. Sipendi alikute gari katika hali ile."

Hilo tu. Sikumalizia kwamba nitaliosha mimi.

Asubuhi niliamshwa na vicheko, na mkwaruzo niliousikia mpaka kwenye meno. Pale ziwani sufuria haihesabiwi kuwa imeoshwa mpaka isuguliwe kwa mchanga. Nyumba hujulikana kwa sufuria zake zinavyowaka juu ya uchanja. Shangazi zangu walikuwa wameteka maji ziwani, wakajaza beseni mchanga, na sasa walikuwa wakilisugua gari kwa matambara, kanga zimefungwa viunoni. Upande mmoja walikuwa wameshaumaliza. Nikatoka na kitambaa changu na ndoo zangu mbili, nilizozijaza maji tangu jioni.

"Shikamooni, shangazi."

"Marahaba! Rudi ukalale, mwanangu. Mgeni hafanyi kazi hapa."

"Naomba nimalizie mimi."

Shangazi mkubwa akazitazama ndoo zangu, kisha kitambaa changu laini. "Na hicho? Huko kwenu milimani mnaoshea vyombo kitambaa kama hicho? Ndiyo maana sufuria zenu nyeusi!"

Mdogo wake alicheka mpaka akaegemea mlango. "Muache. Mtoto wa Mbinga anaogopa maji ya ziwa."

Walikuwa wameamka kabla ya jua kwa ajili ya kaka yao. Ningewaambia kwamba ile kazi yao nzuri ndiyo uharibifu wenyewe? Nilisimama na ndoo mbili zilizojaa, nikawaangalia wakihamia upande wa pili. Sehemu ambazo sufuria ingekuwa na masizi ndizo walizozikandamiza zaidi, yaani chini ya milango na juu ya boneti, penye moto wa injini. Maji yalipokauka, jua likapiga, nikaona mikwaruzo imesokotana kila mahali, myembamba kama nywele.

Tulikwenda wote kumchukua baba. Alitoka akiwa amekinga jicho kwa kiganja, akatusalimu mmoja mmoja akituangalia usoni, kisha akalifuata gari. Aliinama karibu na boneti. Akapitisha kidole.

"Tumelisugua sisi, kaka," shangazi mkubwa akasema. "Mpaka mikono imekufa ganzi."

Baba akaondoa kidole. "Ahsanteni sana, dada zangu," akasema. "Limetakata."

Walifurahi, wakatupakilia samaki wakavu.

Katika mlima wa kurudi Mbinga aliniomba nisimame. Akashuka, akalizunguka gari polepole. Nikashuka na kitambaa changu mkononi.

"Hii inatoka?"

"Mingine labda, baba. Ile ya kwenye boneti imeingia ndani sana. Haitoki."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Nilingoja anigombeze; nadhani angenigombeza ningepumua. Hakunigombeza. Aliangalia mawingu juu ya boneti. Yalikuwepo, ila yamekatikakatika. Na mimi nilibaki na kile kitambaa, safi kabisa, nisijue nikipeleke wapi.

"Basi futa kioo," baba akasema, akifungua mlango. "Twende."