Kano la Kushonea Kibuyu

Kibuyu cha maziwa kilianguka Jumanne, kikapata ufa wa urefu wa kidole. Kilikuwa cha mama yake Ghati, na mama yake alishazikwa miaka arobaini iliyopita. Vitu vyake vingine vyote vilishagawanywa au kuibwa.

Ghati akashuka hadi buchani kwa Bernado, hapo Butiama, akamsimamia kabla hajainua shoka.

"Nataka kano la mgongoni. Zima."

"Mama, siku hizi nani anashonea kano? Gundi zimejaa Bunda."

"Gundi wanyweshe watoto wako!"

Mama yake alikuwaga anakausha kano juani, kisha anakaa mlangoni akilitafuna mpaka nyuzi ziachane mojamoja, nyembamba kuliko za pamba. Alishona zikiwa na unyevu. Zikikauka, zinajikaza zenyewe. Ghati alikumbuka yote hayo, akalianika la kwake, ila alikuwa amebaki na meno mawili, nayo hayakutani.

Jumamosi mjukuu wake Adventina akaja kutoka Musoma, anakosomea uuguzi.

"Mke mwenzangu, umeniletea meno! Haya, tafuna."

"Bibi! Kitu kibichi? Kina vijidudu hicho."

Adventina akakata nusu, akaichemsha. Huku akichochea moto akaeleza kwamba ndani ya kano mna seli ndogondogo, zenye kazi ya kutengeneza nyuzi za kolajeni, nazo nyuzi zimelala upande mmoja, ndiyo maana kano halikatiki hovyo. Ghati akasikiliza kwa adabu. Sufuria ilipofunuliwa, kano lilikuwa limejikunja, limelegea, linanata kama supu ya makongoro.

"Ndiyo hiyo haikatiki?"

Adventina akajishika kichwa. "Joto linazivunja nyuzi. Tulifundishwa, Bibi, nimesahau."

"Mimi wa darasa la saba sijasahau. Imebaki nusu. Hii ikiharibika, kibuyu cha mama ndiyo basi."

Binti akatazama ule ufa. Akasuuza kano mara tatu, akafumba macho, akatia mdomoni. Alitafuna upande wa kushoto tu, shingo kainamisha, vilevile kama marehemu mwenye kibuyu, ambaye hakuwahi kumwona. Ghati akageukia ukutani, akajifanya anatafuta sindano.

Jumatatu mshono ulikuwa umekauka. Ghati akamimina maziwa, akapitisha kiganja chini. Kikavu.

"Haya, seli zako zimefanya kazi."

"Seli zilishakufa, Bibi. Zilizobaki ni nyuzi zilizotengenezwa nazo."

Ghati akakipakata kibuyu mapajani, akaupapasa mshono, hadi mjukuu akaogopa kwamba amekosea.

"Bibi?"

"Lete kikombe," akasema Ghati. "Uanze wewe uliyetafuna."